Vidonge vya TB vinakula methadone na wagonjwa hawaambiwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo naona halisemwi. Kila siku tunasoma habari za unga, fulani kakamatwa na kilo kadhaa baharini, Mamlaka ya dawa za kulevya imeteketeza magunia ya bangi, sawa ni kazi nzuri na tunaishukuru serikali, lakini hawa vijana wetu ambao tayari walishaingia humo na sasa hivi wanajitahidi kutoka, hawa wanaokunywa methadone, ile dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, kila siku asubuhi, habari zao zinaishia siku kiongozi anapokuja kuzindua jengo na kupiga nao picha. Mi nataka kuongelea TB, yaani kifua kikuu, na hasa hii TB sugu inayokataa dawa za kawaida, na jinsi inavyoweza kukua ndani ya hizi kliniki tusipoangalia.

Mi si daktari. Nauza vitenge, na mdogo wangu wa kiume ni mteja wa methadone hapa hapa Dar, akiwa hayuko vizuri huwa namsindikiza, kwahiyo yale mabenchi nimeyakalia sana na manesi na madaktari nimewauliza maswali mpaka wengine wameshanizoea. Nikisema kitu cha kitaalamu humu ndani ujue sijakiokota mtaani.

Kwanza niseme wazi kwamba methadone imetuokolea watoto. Huduma ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, ikaenda Mwananyamala, ikaja Temeke, Zanzibar wakafungua ya kwao, na sasa hivi ukienda Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga zipo, wenzetu Kenya nao wana Mathari, Malindi na Mombasa. Kijana aliyekuwa anaiba sufuria za mama yake leo anaamka alfajiri anaoga anakwenda kunywa dozi yake anarudi kazini. Asije mtu akachukua barua yangu akasema eti hizi kliniki ni hatari zifungwe, hapana, mi nasema ziboreshwe manake ndo mahali pekee ambapo hawa watu wanaonekana kila siku ya Mungu.

Na TB kwa watu hawa si ya kubahatisha. Kuna utafiti ulifanyika pale Muhimbili ukachapishwa 2014, wateja 150 wa methadone walichunguzwa na 6 wakakutwa na TB ambayo hawakuwa wanaijua. Unaweza kuona 6 ni wachache, lakini 6 kati ya 150 ni 4 kwa kila mia, na hiyo ni mara nyingi sana kuliko huku kwetu mtaani. Na ukishafika kijiweni hushangai, watu kumi wamejibanza kwenye pagala lisilo na dirisha, turubai limeziba mlango ili wapita njia wasiwaone, kokteli moja, ile sigara ya bangi iliyochanganywa na heroini, inazunguka midomo yote, wengi hawajala tangu jana, wengine wana VVU na hawajui. Mdudu wa TB anasafiri kwa hewa, mtu anakohoa au anaongea tu kwa nguvu na mdudu anabaki anaelea masaa kadhaa kama hewa haitembei, kwahiyo pale maskani ndo kwao.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae chini niandike.

Mdogo wangu alipimwa akakutwa na TB ya kawaida. Akaanzishiwa vidonge kwenye kituo kimoja, methadone anakunywa kwenye kituo kingine, vituo viwili hivi haviongei, kila mmoja ana faili lake na kila mmoja ana nesi wake. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, mkojo ukawa rangi ya chungwa kama walivyotuambia tusishtuke. Baada ya muda mfupi nikaanza kumuona mchana anapiga miayo, kamasi zinamtoka, anajikunja kwenye kochi anasema viungo vinavunjika, tumbo linamharisha, malaika yamemsimama mkononi kama mtu mwenye baridi na nje ni jua la Dar la saa nane. Yeyote aliyeishi na teja hahitaji kuambiwa ile ni nini, ile ni arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea. Nikamuuliza kwa ukali umerudia? Akaniambia sijarudia dada, dozi nakunywa kila siku, lakini tangu nianze vile vidonge methadone haifiki hata saa saba mchana, dada vile vidonge vinakula dawa yangu.

Nilivyokwenda kuuliza kituoni nikajibiwa kwamba hawa mateja wana visingizio vingi, mteja akisema dozi haitoshi ujue anataka alewe. Hivo ndo tulivyojibiwa. Na yeye kijana akaamua mwenyewe, akaanza kuruka vidonge vya TB. Leo anameza kesho hamezi, siku anayotaka kufanya kazi vizuri hamezi. Nilivikuta vimefungwa kwenye karatasi ya pakiti ya sigara chini ya godoro.

Mhariri, alikuwa anasema kweli tupu. Ndani ya vile vidonge kuna dawa inaitwa rifampisini, ndo dawa kubwa kuliko zote kwenye TB ya kawaida, na moja ya tabia zake ni kuliamsha ini lifanye kazi kwa kasi na kuisaga methadone haraka kuliko kawaida, kiwango cha methadone kwenye damu kinaweza kushuka mpaka nusu au zaidi. Tena hii si habari mpya, imejulikana tangu 1976, Marekani walichapisha habari za wagonjwa 30 wa methadone waliokuwa wanatumia rifampisini na 21 kati yao wakapata arosto. Tangu 1976! Mi nilikuwa sijazaliwa. Na dawa yake ipo na haina gharama kubwa, unampandishia mgonjwa dozi ya methadone taratibu huku unamuangalia, na unamwambia kabla hajaanza kwamba bwana wiki ijayo au inayofuata unaweza kuhisi arosto, ukihisi tu njoo siku hiyo hiyo utaongezewa, usiache vidonge. Hicho tu.

Sasa angalia kinachotokea asipoambiwa. Mtu yuko kati ya ugonjwa unaoua polepole na arosto inayomuua leo jioni. Atachagua nini? Ataacha vidonge, au atameza vidonge na jioni atafute kete ya unga ya kutuliza, na wengi wanafanya vyote viwili. Na vidonge vya TB ukivimeza leo kesho ukaacha ndo unavyowafundisha wale wadudu kuvizoea, wale dhaifu wanakufa wale wabishi wanabaki wanazaana, mwisho rifampisini haifui dafu. Hiyo ndo TB sugu, na akishakuwa nayo anaowaambukiza nao wanaipata ikiwa tayari ni sugu hata kama hawajawahi kumeza kidonge cha TB maishani mwao. Kwahiyo tukisema mateja hawamezi dawa ndo wanaleta TB sugu tunawaonea, sehemu kubwa tunaitengeneza sisi kwa kuwanyima neno moja la kuwaelimisha na miligramu chache za methadone.

Namshukuru nesi mmoja wa upande wa methadone, sitamtaja, yeye alisikiliza mara moja akaelewa, akampigia simu daktari pale pale, kijana alikuwa kwenye miligramu 70 akapandishwa kidogo kidogo mpaka arosto ikakata, na vidonge vya TB vikahamishiwa pale pale dirishani, anakunywa methadone anameza na vidonge mbele ya nesi anaondoka. Alipimwa tena makohozi na Mungu alitusaidia TB haikuwa sugu. Jamaa mmoja wanayepanga naye foleni hakuwa na bahati hiyo.

Na hapo pa kuunganisha huduma napenda nipasisitize manake naona ndo penyewe. Wataalamu wa TB miaka yote wanahangaika mgonjwa aonekane akimeza dawa, wanaweka ndugu wa kumsimamia, wanatuma wahudumu wa jamii majumbani, na hapa kuna watu wanaokuja wenyewe bila kuitwa siku saba za wiki, Idi wapo, Krismasi wapo, mvua ya masika wamevua viatu wamevishika mkononi wapo. Hakuna wagonjwa nchi hii wanaohudhuria hospitali kama hawa! New York walikuwa na janga kubwa la TB na TB sugu, mwaka 1992 walihesabu wagonjwa 3,811, na moja ya mambo waliyoyafanya ni kuwasimamia watu wakimeza vidonge hata kwenye kliniki za methadone, na wagonjwa wakapungua mwaka hadi mwaka. Kwetu mtu huyo huyo unamwambia atoke na nauli yake apande daladala mbili aende kituo kingine akafuate vidonge, nauli ambayo hana, na huko akifika anaangaliwa kwa jicho la huyu mwizi kaja.

Kuna jambo lingine linalopita bila kuonekana. Maswali ya TB tunayajua wote, una kikohozi wiki mbili? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Kwa mtu mwingine yanatosha. Kwa mtu wa heroini hayatoshi kabisa, kwanza heroini yenyewe inakata kikohozi, hata methadone inakata, ni ndugu moja na zile dawa za kikohozi zenye kodini, kwahiyo mtu anaweza kuwa na pafu limeliwa na hakohoi kiasi cha kumshtua mtu. Jasho la usiku atasema ni arosto, au ni methadone, manake methadone nayo inatoa jasho. Kukonda, nani alishamuona teja mnene? Kwahiyo nesi anauliza maswali, mteja anajibu hapana hapana, anatiki fomu, wanaagana. Mi naomba kila anayeingia methadone siku ya kwanza apimwe makohozi au apigwe eksirei hata kama hakohoi, na irudiwe kila baada ya miezi kadhaa, na mashine itumike ile ya GeneXpert ambayo ndani ya masaa mawili inasema kama TB ipo na kama rifampisini bado inafanya kazi. Wale panya wa Apopo kutoka Morogoro wa kunusa makohozi nawapenda sana na wamesaidia kukamata wagonjwa wengi ambao darubini iliwakosa, lakini panya hawezi kukuambia kama ni sugu, kwahiyo mashine lazima. Na majibu yaje kliniki alipo mteja, asipewe karatasi akaambiwa fuatilia Ijumaa, kesho si anakuja, mpe kesho.

Nije kwenye chumba chenyewe. Kuna kliniki moja niliwahi kukaa, sitaitaja, sehemu ya kusubiria ni chumba kizuri kimepigwa vigae, tivii iko ukutani, kiyoyozi kinavuma, madirisha yote yamefungwa ili baridi lisitoke. Watu wamebanana bega kwa bega wanangoja kuitwa, pembeni yangu kuna kijana amejifunika kofia la sweta anakohoa kwenye kiganja, anakaa kimya, anakohoa tena, na huyo ndo yuko mwisho wa foleni kwa sababu amechelewa, amechelewa kwa sababu anaumwa hawezi kutembea haraka. Watu walioingia wazima wanavuta hewa yake mpaka wanaondoka. Kile kiyoyozi hakileti hewa ya nje, kinazungusha hewa ile ile iliyomo chumbani na kuipooza tu. Nikauliza kwa nini msifungue madirisha, nikaambiwa joto, na ulinzi, kuna dawa humu.

Ulinzi wa dawa naukubali, methadone lazima ifungiwe na kuna sheria, lakini dawa iko kule ndani stoo, haiko kwenye mabenchi. Hapa Dar hatuna theluji ya kutufungia ndani. Weka mabenchi nje chini ya mwembe au vuta bati utengeneze banda lililo wazi pande zote, upepo wa bahari na jua vinafanya kazi ambayo mashine ya mamilioni haifanyi. Kule Lima, Peru, watafiti walipima vyumba vya hospitali wakachapisha 2007, madirisha na milango ikifunguliwa hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa, wakati vyumba vya kisasa vya mashine vilikuwa vimewekewa mara 12, na yale majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalifanya vizuri kuliko mapya. Sisi majengo ya zamani ya hivo tunayo tele, tunachofanya tunayaziba madirisha kwa ubao tunaweka kiyoyozi.

Mtu anayekohoa asipange foleni, akifika tu apewe barakoa aitwe wa kwanza anywe dozi yake na achukuliwe makohozi pembeni nje, siyo chooni. Pale kwa nesi dirishani feni iwekwe nyuma ya nesi impulizie mteja na kutoka nje, siyo feni iko nyuma ya mteja inampulizia nesi usoni, niliona hivo na roho iliniuma manake yule dada ana watoto. Manesi wenyewe wapewe zile barakoa nzito zenye kuchuja, za karatasi zinamsaidia mgonjwa asirushe lakini hazimkingi nesi asivute, na wapimwe TB wao pia kila mwaka. Na walio imara muda mrefu, mkojo wao ukipimwa hauna unga, wanafanya kazi, wapewe dozi ya kubeba nyumbani ya siku kadhaa, Marekani walifungulia hilo 2020 wakati wa Korona, foleni inapungua na hewa inatosha kwa waliobaki. Najua kuna wasiwasi wa kuuziana, uwekwe utaratibu.

Haya, na yule ambaye TB yake imeshakuwa sugu? Zamani wote walipelekwa Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ndo ilikuwa hospitali ya TB sugu ya taifa tangu 2009, matibabu mwaka na nusu mpaka miaka miwili na sindano za kila siku ambazo zilikuwa zinawaacha wengine viziwi. Baadaye huduma ikasambazwa mikoani, na sasa kuna mchanganyiko mpya wa vidonge vitupu wa miezi 6 ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye miongozo yake mwishoni mwa 2022, bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni neema kubwa. Lakini kwa mtu wa methadone kuna mitego miwili mitatu ambayo daktari wa TB asipoongea na daktari wa methadone mtu atakufa na tutasema kazidisha unga.

Mtego wa kwanza, huyu mgonjwa alikuwa anameza rifampisini na methadone yake ilishapandishwa, labda imefika miligramu 120. Sasa imegundulika ni sugu, rifampisini inaachwa. Ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na ile 120 ambayo juzi ilikuwa inamtosha tu sasa inamzidi, anasinzia, pumzi inakuwa nzito, usiku anaweza asiamke. Hivo hivo kwa aliyemaliza miezi 6 ya TB ya kawaida salama, rifampisini ikiisha methadone lazima ishushwe pole pole na mtu aangaliwe macho. Mwingine ni moyo. Bedakwilini, moksifloksasini na methadone zote zina tabia ya kurefusha muda ambao umeme wa moyo unachukua kujirudisha sawa baada ya kila pigo, inaonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo na inaweza kuvuruga mapigo, zikikutana inabidi mtu apimwe kabla na awe anapimwa mara kwa mara. Na linezolidi nayo haipatani sana na methadone kwenye ubongo, mtu akianza kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa, msimwambie arosto, mchunguzeni. Haya yote hayamaanishi asipewe, maana yake apewe na watu wanaoongea.

Na anywe wapi methadone yake? Hili ndo swali linalonikosesha usingizi. Ukimlaza wodi ya TB sugu bila methadone atatoroka siku ya pili, si kwa ubishi, arosto itamtoa kitandani, na atarudi maskani na TB sugu yake kwenye lile pagala lenye turubai mlangoni. Ukimruhusu aje kwenye foleni ya kliniki anaambukiza wenzake. Njia ni dozi imfuate, nesi aende nayo wodini au nyumbani, au apewe saa yake peke yake baada ya wote kuondoka, anywee dirisha la nje, mpaka vipimo vionyeshe haambukizi tena. Gari la hospitali lipo, tunaliona kwenye mikutano.

Kuna na mahali pengine pawili nisingependa kupasahau. Sober house zetu, zile nyumba wanakokaa vijana wanaoacha dawa za kulevya, vitanda vya deka vimebanana, madirisha yana nondo na mapazia mazito ili mtu asiruke, watu wanaingia bila kupimwa TB, wengine wanaanza dawa wakiwa humo na siku familia ikishindwa kulipa ada mtu anatolewa na vidonge vinaishia hapo. Na mahabusu. Askari wanajua kabisa kwamba asubuhi mateja wanapita njia ile kwenda kliniki, wanakamatwa wakiwa wanakwenda kunywa dawa halali ya serikali, mtu anakaa ndani siku kadhaa kwenye chumba kilichojaa, methadone imekatika, vidonge vya TB vimekatika, na ameshakohoa kwa wenzake wote. Naomba wakuu wa vituo waelewane na kliniki zilizo karibu nao, kadi ya mteja iheshimiwe.

Kuhusu kinga, kuna vidonge vya kumkinga mtu asiugue TB na wateja wa methadone wanastahili, hasa wenye VVU. Lakini waangalie ni vipi, ile ya isoniazidi ya kila siku haigusi methadone, shida yake ni ini na wengi wa waliojidunga wana homa ya ini C kwahiyo wapimwe, ila ile mpya ya mara moja kwa wiki ina rifapentini ambayo ni ndugu wa rifampisini na inakula methadone vile vile. Wakipewa bila kuambiwa tutarudi kule kule.

Najua nitaambiwa hela hakuna. Kweli, hizi huduma zimebebwa miaka mingi na fedha za PEPFAR, ule mfuko wa Wamarekani wa kupambana na Ukimwi, na tangu waliposimamisha misaada Januari 2025 tuna wasiwasi sisi tunaotegemea. Lakini kufungua dirisha ni shilingi ngapi? Kugeuza feni? Nesi wa TB kumpigia simu nesi wa methadone? Nchi hii imefanya kazi kubwa kwenye TB na sisemi hivi kwa kujipendekeza, mwaka 2015 tulikuwa tunakadiriwa wagonjwa wapya 306 kwa kila watu laki moja na 2023 tukawa 183, sasa wale waliobaki ndo hawa walio pembeni, na TB sugu ikianzia kwao haitabaki kwao, wanapanda daladala zile zile tunazopanda, wanatubebea mizigo Kariakoo, wanalala nyumba moja na wapwa zangu.

Kwa ndugu wenzangu mnaosoma, kama mtoto wako yuko methadone na ameandikiwa vidonge vya TB, usingoje mtu akuambie, nenda naye kliniki zote mbili siku hiyo hiyo ubebe pakiti ya vidonge mkononi uwaonyeshe, waulize hii inagusana vipi na methadone na dozi itaangaliwa lini. Akikuambia jioni haifiki, muamini kwanza halafu mpeleke, kupimwa mkojo atapimwa tu. Na akianza dawa za VVU useme pia, efavirenzi nayo inashusha methadone, na ile dolutegravir wanayotumia wengi sasa haishushi ila akiwa kwenye rifampisini inabidi anywe mara mbili kwa siku.

Na kwako Mhariri nina ombi moja. Tuma mwandishi wako, asiende siku ya uzinduzi, aende siku ya kawaida asubuhi kwenye kliniki yoyote ya methadone, aangalie madirisha kama yako wazi, aulize mteja aliyeandikiwa vidonge vya TB kama aliambiwa chochote kuhusu methadone yake, aulize makohozi yanapimwa wapi na majibu yanarudi baada ya siku ngapi, halafu aende wizarani na majibu hayo aulize mgonjwa wa TB sugu anayetumia methadone mkoani kwake analetewaje dozi. Mchapishe walichojibu, na kama hawakujibu mchapishe kwamba hawakujibu.

Ahsante kwa nafasi.

Dada wa mteja,
Dar es Salaam